Masaji kwa nusu bei: nusu ile ingine inalipwa na nani?

Mwenye telefone na mega kidogo katika Kivu Kaskazini amekwisha kuyaona matangazo haya. Picha ya kucha zinazong'aa verni nyekundu, picha ya mgongo unaopakwa mafuta, na chini yake maneno: promosio, nusu bei, leo tu, watu ishirini wa kwanza. Yanapita katika makundi ya WhatsApp ya watu wa Masisi na Walikale, na ya wale waliotoka huko na sasa wanakaa Goma, Bukavu au Kisangani. Mara ingine tangazo linatoka kwa mwenye saloni mwenyewe. Mara ingine linatoka kwa kijana mwenye namba nyingi kwenye telefone yake, anayemwendea mama wa saloni na kumwambia: mimi nitakuletea watu, wewe punguza bei tu, kisha unipe sehemu yangu.

Kijana huyo hakosei kutafuta mkate wake. Lakini maneno yake yanahitaji kupimwa, kwa sababu yanagusa kazi ambayo wanawake wengi wa wilaya hizi mbili wanaitegemea. Kusuka, kukata nywele, kupaka verni, kukanda mwili, sauna kidogo ya mbao nyuma ya nyumba: hizi ni kazi zinazoanza na kiti kimoja na mikono miwili. Mama aliyekimbia Masisi bila kitu anaweza kuianza kesho yake mahali alipofikia. Ndiyo maana swali la bei yake si jambo dogo. Jibu letu tunalitoa mapema: bei ya nusu inayoletwa na mtu wa kati inamfaa mwenye saloni kwa kiti kilicho kitupu peke yake. Ikivuka hapo, yeye ndiye anayelipa ile nusu ingine, na hapa kwetu anailipa kwa ukali zaidi kuliko huko biashara hii ilikozaliwa.

Ilizaliwa Chicago, Marekani, mwaka 2008, kwa jina la Groupon. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi. Kila siku ukurasa wa intaneti ulitangaza kitu kimoja cha mji fulani, masaji, chakula cha jioni, kusafisha meno, kwa bei iliyokatwa nusu au zaidi. Mwanzoni mauzo yalithibitishwa tu kama wanunuzi wa kutosha wamejitokeza. Mnunuzi alilipa kwanza kwenye ukurasa, akapewa karatasi ya haki yake, akaenda kuitumia baadaye. Pesa ziligawanywa, mara nyingi karibu nusu kwa nusu, kati ya Groupon na mwenye biashara. Mwishoni mwa 2010 Google ilitaka kuinunua kampuni hiyo kwa dola karibu bilioni 6, ikakataliwa. Novemba 2011 hisa zake ziliingia sokoni. Waigaji walijaa dunia nzima. Nairobi walikuwa na Rupu tangu 2010, na huko mtu alilipia masaji yake kwa M-Pesa kabla ya kumwona atakayemkanda.

Kisha moto ukapungua. Mwanzilishi wa Groupon alifukuzwa na kampuni yake mwenyewe Februari 2013. Mwaka 2015 Groupon ilitangaza kupunguza wafanyakazi 1,100 na kuondoka katika nchi kadhaa, Moroko ikiwa mojawapo. Mshindani wake mkubwa, LivingSocial, alimezwa na Groupon mwaka uliofuata. Lakini desturi yenyewe haikufa. Imehamia kwenye WhatsApp, Facebook na TikTok, na kwa njia hiyo imefika hata Mubi na Nyabiondo, ambako hakuna aliyewahi kusikia jina la Groupon.

Sasa tufanye hesabu, maana watu wengi wanaingia katika mambo haya bila kuifanya. Tuseme masaji ya saa moja ni franka 20,000. Tangazo linasema 10,000. Aliyeleta mteja anachukua nusu yake, inabaki 5,000. Mafuta ya kukanda, sabuni ya kufua shuka, maji, esansi ya jenereta au malipo ya sola, yote yakifika 3,000, mwenye saloni anabaki na 2,000 kwa saa nzima ya mikono na mgongo wake. Na kama anayekanda ni dada aliyeajiriwa kwa kugawana, jinsi saloni nyingi zinavyofanya, basi hizo 2,000 ni za watu wawili. Namba hizi ni za mfano. Kila mwenye saloni aweke za kwake. Atakuta umbo la hesabu ni lile lile: ukikata nusu kisha ukagawana iliyobaki, umebaki na robo, na robo hiyo ndiyo inayolipa mafuta, sabuni na mshahara.

Mkulima wa Masisi hahitaji kueleezwa jambo hili mara mbili. Analijua kwa jina lingine: kuuza maharage yakiwa bado shambani. Ada ya shule imefika, mtoto anaumwa, mfanyabiashara anakuja na pesa mkononi na kununua mavuno ambayo hayajakomaa kwa bei ya chini. Pesa unazipata leo, na ni za kweli. Lakini siku ya kuvuna unafanya kazi katika shamba lako mwenyewe kwa faida ya mtu mwingine. Mchimbaji wa Walikale naye anayajua hayo kwa mnunuzi wa madini anayempa unga, koleo na tochi kabla hajashuka shimoni, kisha anapanga bei ya mawe yakitoka. Promosio inayolipwa mapema ni mkopo wa namna hiyo. Mama wa saloni amepokea pesa, na sasa ana deni la masaji ishirini. Watakuja wote, na watakuja siku anayotaka wao.

Kule Uingereza kuna kisa cha Novemba 2011 kilichoandikwa na magazeti mengi. Mama mmoja mwenye duka dogo la keki karibu na mji wa Reading alikubali kuuza keki kumi na mbili kwa pauni 6.50 badala ya 26. Alitegemea watu wachache. Walinunua 8,500. Alilazimika kuoka keki 102,000, kuajiri watu wa muda usiku na mchana, na mwisho alipoteza pauni 12,500. Hakuna aliyemwibia. Tangazo lilifanya kazi vizuri kupita kiasi, na hakuna aliyekuwa ameandika kikomo. Miezi michache baadaye, Machi 2012, idara ya serikali ya Uingereza iliyosimamia haki katika biashara iliilazimisha Groupon kuahidi kwamba kabla ya kutangaza itapima kwa ukweli kama mwenye biashara anaweza kuhudumia watu wote hao kwa muda uliowekwa. Sisi hatuna idara itakayomlazimisha kijana wa WhatsApp kupima hivyo. Mama wa saloni itabidi ajipimie.

Lazima tuwe wakweli hapa, kwa sababu wanaotetea promosio wana hoja, na hoja yenyewe inahusu saloni zaidi ya biashara ingine yoyote. Mwalimu wa chuo kikuu cha Rice kule Texas, Utpal Dholakia, aliuliza biashara 150 za Marekani zilizotumia Groupon na akatoa matokeo mwaka 2010. Asilimia 66 walisema walipata faida, 32 walisema hapana. Na waliofanikiwa kuliko wote walikuwa saloni na nyumba za masaji, huku mikahawa ikiwa mwishoni. Sababu inaeleweka. Mpishi akiuza sahani kwa nusu bei, nyama ameinunua kwa bei kamili. Mkandaji akiuza saa yake ya Jumanne asubuhi, saa ambayo angekaa mlangoni akitazama barabara, alichotoa hasa ni nguvu. Saa hiyo haiwekwi akiba. Ikipita haijauzwa, imepotea.

Lakini mwalimu huyo hakuishia hapo. Mwaka 2011 aliuliza biashara 324, safari hii za kurasa tano tofauti. Waliopata faida walikuwa asilimia 55.5, waliopata hasara 26.6, waliobaki hawakupata wala kupoteza. Karibu wanunuzi wanane katika kumi walikuwa wapya, jambo zuri. Ila ni wawili tu katika kumi waliorudi kulipa bei kamili. Na saloni, zile zile zilizokuwa zinasifiwa mwaka uliotangulia? Asilimia 41.5 tu ndizo zilisema zitarudia. Yaani zaidi ya nusu zilikuwa zimekataa au zinasitasita. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema. Hapo mgeni alikuja, akala, akaenda kumtafuta mwenyeji mwingine mwenye nusu bei.

Jambo lingine kutoka utafiti wa kwanza, na kwetu ndilo zito kuliko asilimia zote. Kilichotenganisha waliofaulu na walioshindwa, kuliko kingine chochote, kilikuwa hali ya wafanyakazi. Pale ambapo wafanyakazi waliridhika na promosio, biashara ilifaulu. Fikiria dada anayekanda au kusuka. Anapata wateja watano kwa siku badala ya wawili, vidole vimevimba, na jioni anapewa pesa kama za wateja wawili au pungufu. Mteja wa nusu bei naye haachi matabishi. Dada huyo atamsuka huyo mteja namna gani? Atamsuka haraka haraka, na mteja ataenda kusema kwa wenzake kwamba saloni ile haina kazi nzuri.

Haya yote ni ya Marekani, miji ya watu mamilioni. Tukiyaleta Masisi na Walikale mambo yanabadilika, na hayabadiliki kwa upande wa kumfaa mwenye saloni.

Kwanza, kule hoja ya saloni ilisimama juu ya kitu kimoja: gharama yake kubwa ni mikono. Hapa si hivyo. Meshi, mafuta ya nywele, verni, krimu, vyote vinatoka mbali. Kuvifikisha Walikale-centre au Mubi ni kazi: ama vinapita barabara ya Bukavu kupitia Hombo, ambako mvua ikinyesha lori linalala matopeni siku nyingi, ama vinapanda kutoka Goma, Sake na Masisi katika njia ambayo vita vimeikata mara nyingi. Kwa miaka mingi ndege ndogo zilitua juu ya lami pale Kilambo, zikileta bidhaa kutoka Goma na kurudi na bati. Bidhaa iliyosafiri hivyo haipunguziki nusu. Kusuka kwa meshi pale Mubi kunafanana zaidi na sahani ya mpishi kuliko na masaji ya Chicago. Mwenye saloni anayekata nusu bei ya kusuka anakata pia nauli ya lori ambayo amekwisha kulipa.

Pili, wateja wapya watoke wapi? Chicago mtu anaweza kuishi miaka ishirini bila kujua saloni iliyo mtaa wa pili. Masisi-centre kila mtu anajua nani anasuka vizuri, nani ana mkono mzito, nani alimchoma mtoto wa jirani kwa dawa ya nywele. Tangazo la nusu bei katika mji mdogo linamfikia kwanza mteja wa kila wiki, yule aliyekuwa atalipa 20,000 bila kubishana. Sasa atalipa 10,000, na wiki ijayo akiombwa 20,000 ataona ameibiwa. Bei mpya imekwisha kuwa ndiyo bei. Hapa ndipo saloni ndogo zinapoumia bila kelele, kwa maana hakuna hasara ya siku moja inayoonekana. Ni kwamba mwezi ukiisha, kazi imekuwa ile ile na sanduku limepungua.

Na saloni ya jirani haitakaa kimya. Tuseme jambo ambalo halisemwi mara nyingi kwa heshima ya wafadhili: miradi mingi ya misaada Kivu Kaskazini imefundisha wasichana na wanawake kazi zile zile, kushona, kusuka, kutengeneza sabuni. Nia ni njema, na wengi wamepata maisha. Lakini wanapofungua wote katika barabara moja, kitu cha kwanza kila mmoja anachofikiria ni kushusha bei chini ya mwenzake. Anashusha wa kwanza, anashusha wa pili, na mwisho wote wanasuka kwa bei ya mchele wa mchana mmoja. Mtu wa kati akiingia hapo, anawapigia wote, na anayeshuka zaidi ndiye anayetangazwa. Yeye komisio yake anaipata popote mteja atakapokaa.

Tatu, na hili wanaume wanaoleta mipango hii hawaliulizi: ni nani anayekuja na promosio? Mkandaji wa kike anafanya kazi katika chumba kilichofungwa. Mteja wake wa kawaida anajulikana, au ameletwa na mtu anayejulikana. Katika vituo vya machimbo kama Rubaya na Ndjingala, ambako wanaume wanapita kwa mamia na wenye silaha hawako mbali, tangazo linaloita yeyote mwenye 10,000 linamwondolea dada huyo haki ya kuchagua nani anayefungua mlango. Wengine wanasoma neno masaji na kuelewa kitu kingine kabisa. Mwenye saloni anayejali watu wake atatangaza kusuka na pedikiri kwenye kundi la watu elfu, na masaji ataiacha ipite mdomo kwa mdomo.

Kuna pia suala la kujiuliza kama bei ndiyo ugonjwa. Machi 2025 kampuni Alphamin ilisimamisha kazi katika mgodi wa bati wa Bisie kwa sababu waasi wa M23 walikuwa wanasogea, na tarehe 19 ya mwezi huo waliingia Walikale-centre. Waliondoka mwanzoni mwa Aprili, na mgodi ukaanza tena polepole. Katika wiki zile, wakaaji wakiwa porini, saloni ya Ndjingala ingetangaza hata kusuka bure na isingempata wa kukaa kwenye kiti. Masisi-centre ilikuwa imeshikwa tangu Januari 2025, na Goma mwisho wa mwezi huo huo. Benki za Goma zikafunga, pesa taslimu zikaadimika, na mtu mwenye pesa kwenye Airtel Money alikatwa sehemu yake ili apate noti. Mteja ambaye pesa yake imekwama kwenye telefone hakimbii saloni kwa sababu ya bei. Amekosa noti, au anaitunza kwa unga.

Tena, punguzo la bei tayari lipo hapa kwetu, ila lina jina lingine: deni. Mwalimu anasukwa leo, atalipa mshahara ukitoka, na mshahara hautoki. Dada wa kanisani anapakwa verni kwa ajili ya harusi, atapita Jumatatu, na Jumatatu hapiti. Mwenye saloni akichukua daftari lake na kujumlisha yasiyolipwa tangu Krismasi, anaweza kukuta amekwisha kutoa promosio kubwa kuliko ile anayopendekezewa, na bila hata mteja mmoja mpya. Kabla ya kumsikiliza mtu wa kati, daftari hilo ndilo la kuanza nalo. Punguzo dogo kwa anayelipa papo hapo, noti mkononi, lina faida kuliko nusu bei kwa wageni ishirini.

Je, tunasema mlango ufungwe? Hapana. Saloni mpya ambayo hakuna anayeijua, iliyofunguliwa na mama aliyefika juzi kutoka kijiji kingine, inahitaji watu wa kwanza kumi waone kazi yake. Hao kumi anaweza kuwalipia kwa kupoteza kidogo, kama vile muuza ndizi anavyomwonjesha mtu mmoja. Na saloni ya zamani yenye Jumanne na Jumatano tupu inaweza kuuza siku hizo mbili kwa bei ya chini bila kujiumiza. Lakini aandike yeye mwenyewe masharti, na ayaandike ndani ya tangazo: siku gani, saa gani, watu wangapi, mwisho lini. Jumamosi isiguswe. Wiki ya 30 Juni isiguswe, wala ya Krismasi, wala siku za harusi, maana siku hizo kiti kinajaa chenyewe. Kusuka kwa meshi kusiwe ndani yake kama meshi si za mteja. Na pesa za mtu wa kati zihesabiwe kwa kila mteja aliyeingia mlangoni, siyo kwa kila aliyebonyeza kidole.

Jambo moja zaidi ambalo wengi wanalisahau: namba za telefone za wageni hao. Katika biashara ya Groupon mali iliyobaki baada ya masaji kuisha ilikuwa orodha ya wanunuzi, na orodha hiyo ilikaa Chicago. Kijana wa WhatsApp naye ana orodha yake, na wiki ijayo ataiuza kwa saloni ya ng'ambo ya barabara. Mama wa saloni amwombe kila mgeni namba yake, aiandike kwenye daftari, na amwite mwenyewe mara ya pili.

Kisha tuna njia yetu ambayo hatukuikopa mahali. Nenda soko lolote, Kitshanga, Sake, Walikale-centre, simama mbele ya mama anayeuza maharage kwa kipimo. Mnunuzi hasemi kila mara "shusha bei". Anasema "uniongeze". Mama anachota kiganja kimoja juu ya kipimo kilichojaa, na bei imebaki pale pale. Nyongeza ina akili kuliko promosio. Mteja ameondoka na furaha, muuzaji ametoa kitu ambacho yeye kinamgharimu kidogo, na kesho bei haijabomoka. Mwenye saloni anaweza kufanya hivyo hivyo: anayesukwa kwa bei kamili apate kukandwa mabega dakika kumi, mama aliyejifungua, ambaye zamani angekandwa kwa maji moto na bibi yake, apate mara ya tano bure baada ya nne alizolipa, anayemleta rafiki apakwe verni bila malipo. Vijana wanaokanda watu kwenye maji moto ya Nyamyumba, karibu na Gisenyi ng'ambo ya mpaka, hawana ukurasa wa punguzo. Wana maji yanayochemka na mikono, na anayepona mgongo anakwenda kumwambia mwenzake.

Kwa wenye mamlaka na wenye mitandao tunaongeza hili. Mei 2025 idara ya mawasiliano ya nchi, ARPTC, iliipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi Kongo. Intaneti ikifika vizuri katika vijiji ambavyo leo vinapanda mlima kutafuta alama moja ya mtandao, kurasa za punguzo zitafika pia, zenye pesa nyingi na maneno matamu kuliko kijana wetu. Nchi ina kanuni ya mambo ya kidijitali tangu Machi 13, 2023, na inagusa biashara ya intaneti. Wanawake wa saloni za Masisi na Walikale wanahitaji mtu wa kuwaeleza kwa Kiswahili kile kilichomo, hasa nani anayewajibika mteja akilipa kwenye telefone kisha akafika na kukuta mlango umefungwa kwa sababu risasi zimelia usiku. Mashirika yanayowafundisha kusuka yanaweza kuongeza siku moja ya hesabu katika mafunzo yao: bei ya meshi, bei ya esansi, saa za kazi, kinachobaki. Siku moja inatosha, kwa daftari na kalamu, kabla ya kumpa dada mkasi na kiti na kumwambia aende akafanye biashara.